Jino la mbele limezibwa mara nne: tatizo ni dawa au ni mkono?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 34. Jino langu moja la mbele la juu lilikatika pembe nikiwa shuleni, likazibwa kwa dawa nyeupe. Tangu hapo limezibwa mara nne, na mara mbili za mwisho halikumaliza mwaka. Wiki iliyopita limedondoka tena. Jino la pembeni yake lilitibiwa mzizi zamani na sasa limegeuka kijivu. Nina na gego la chini lililotibiwa mzizi mwaka jana, limezibwa tu, naambiwa nilivalishe kofia, lile ganda gumu la kulifunika jino lote, lakini halinisumbui. Baada ya miezi mitatu naanza kazi ya kukutana na watu kutwa, nataka na meno yote yang'arishwe. Nianze na lipi? Na ni dawa gani inayodumu kweli?

Jibu: Marahaba. Miezi mitatu inakutosha, ila kazi hizi zina mpangilio wake, na ukiuvuruga utalipia kazi moja mara mbili. Nianze na swali lako la mwisho, la dawa, maana ndilo ninaloulizwa kila siku na ndilo lenye mtego.

Watu huulizia dawa ya kuziba jino kama wanavyoulizia rangi ya nyumba: ipi nzuri, ipi ya bei, ipi ya nchi gani. Lakini fundi rangi yeyote atakwambia kwamba ukuta wenye unyevu hubandua rangi nzuri na mbaya sawasawa. Jino nalo ni hivyo. Dawa nyeupe uliyowekewa, kompositi, ni resini, yaani plastiki laini inayogandishwa, iliyochanganywa na chembe za kioo, na zile za kampuni zinazojulikana hazipishani sana. Kinachopishana ni namna ilivyoshikishwa.

Ganda la nje la jino, enameli, ni madini matupu karibu. Kwa uzito yanafika asilimia 96. Mwaka 1955 daktari wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alionyesha kuwa ukilipaka ganda hilo asidi ya fosforiki kwa nusu dakika, kisha ukaosha, resini hulishika kwa nguvu ambazo hazikuwahi kuonekana. Asidi huchimba vishimo visivyoonekana kwa macho, resini ikiwa bado majimaji huzama humo, na ikigandishwa inabaki imeng'ang'ania kama mizizi kwenye nyufa za mwamba. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85. Siku hizi tunatumia ya asilimia 37 hivi, kwa sekunde 15 hadi 30. Kila unapoona jino limezibwa bila kuchongwa sana, shukrani ziende huko.

Chini ya enameli kuna dentini, na huko mambo ni magumu zaidi. Dentini ina maji na nyuzi za kolajeni. Asidi ikizidi sekunde 15 inachimba kuliko resini inavyoweza kufuata. Ukiikausha mno, nyuzi zinalala chini na resini haipiti. Ukiiacha imelowa, resini inaelea juu ya maji. Ndiyo maana kijazo kilichoshikwa na enameli pande zote kina maisha marefu kuliko kinachotegemea dentini peke yake. Pembe yako iliyokatika ina enameli ukingoni, kwa hiyo una mtaji mzuri kuliko unavyodhani.

Sasa adui. Enameli ikishapigwa asidi na kukaushwa, mate yakiigusa kwa sekunde chache tu yanaacha utando wa protini unaoziba vile vishimo. Macho hayauoni. Daktari akiendelea kama hakuna kilichotokea, kijazo kitatoka kinapendeza, utalipa, mtaagana vizuri, na baada ya miezi minane utakipata kwenye kitafunwa. Damu ya fizi ni mbaya hivyo hivyo. Dawa yake ni ya zamani: karatasi laini ya mpira inayotobolewa tundu na kuvalishwa jino, ili jino lichomoze peke yake na mdomo wote ubaki nyuma ya pazia. Sanford Barnum aliibuni mwaka 1864, na hadi leo madaktari wengi wanaiona usumbufu. Pamba mashavuni zinaweza kutosha kwa jino la mbele la juu, kama msaidizi yuko macho na mate si mengi. Mimi nikiwa nimekaa kwenye kiti ningeomba mpira. Ukivalishwa usidhani unazibwa pumzi. Pua iko wazi.

Kuna jambo moja unaloweza kuliona mwenyewe ukipewa kioo. Asidi huja kama jeli, mara nyingi ya buluu. Ikishaoshwa na jino kupulizwa hewa, ukingo wa enameli unatakiwa uwe mweupe kavu, kama umepakwa chaki. Usipokuwa hivyo, hatuendi mbele; tunarudia. Baada ya hapo gundi inapakwa na kusuguliwa kwa kibrashi, inapulizwa iwe nyembamba, inamulikwa taa ya buluu. Kompositi nayo inaingia kwa tabaka, kila moja isizidi milimita 2 hivi, inamulikwa, ndipo ifuate nyingine. Sababu ni mbili: mwanga haufiki mbali, na resini ikiganda inasinyaa, kwa kawaida asilimia 2 au 3 ya ujazo wake. Ukirundika bonge zima kwa mara moja, linasinyaa likijivuta kutoka ukingoni, na hapo ndipo ule mstari wa kahawia unapoanzia.

Ila kwako nashuku jambo la pili pamoja na hilo la mate. Kijazo kinachodondoka mara moja, lawama tunampa mkono. Kinachodondoka mara nne, tazama na mng'ato. Simama mbele ya kioo, sukuma taya la chini mbele taratibu mpaka ncha za meno ya chini zikutane na za juu. Je, jino la chini linaligonga lile lililokatika kabla ya mengine? Je, ncha za meno ya chini zimelika zikawa bapa? Kama ndiyo, huenda unasaga meno usingizini bila kujua, na kila usiku unakikwanyua kijazo. Na tabia ndogo ndogo zihesabu: kukata uzi kwa meno, kung'ata kucha, kalamu, kufungua vifuniko. Pembe ya kompositi haikuumbiwa kazi hizo. Wala pembe ya jino.

Kwa hiyo kijazo cha tano kifanywe hivi: mabaki yote ya resini ya zamani yaondolewe, maana resini mpya haishiki vizuri juu ya masalia machafu, ukingo wa enameli uchongwe mteremko wa milimita moja au mbili, ili kuwe na eneo pana la kushikia na rangi ipotelee taratibu badala ya kukatika ghafla, jino litengwe na mate, kisha mng'ato upimwe kwa karatasi ya rangi, si ukiwa umefunga mdomo tu, bali ukisogeza taya mbele na pembeni. Mwisho king'arishwe sawasawa, kwa sababu uso wenye mikwaruzo hunywa rangi ya chai na kahawa. Kikifanywa hivyo, miaka mitano ni matarajio ya chini, na nimeona vilivyopita kumi. Kikibadilika rangi au kikimeguka kidogo, kinarekebishwa. Si lazima kung'oa chote. Na kama kuna atakayekwambia jino hilo lichongwe lote lipigwe kofia kwa ajili ya pembe tu, mwambie utafikiria. Kofia hula sehemu kubwa ya jino zima, na jino likishachongwa halirudi.

Najua utauliza habari za simenti ya kioo, ile ya glasi-ionoma waliyoitangaza Wilson na Kent wa London mwaka 1972. Ni dawa ninayoipenda: inashika jino kwa kemia yake yenyewe, inavumilia unyevu kidogo, inatoa floraidi. Lakini pembezoni ni dhaifu na inalika. Mzizi uliofunuka karibu na ufizi, jino la mtoto asiyetulia, sawa. Pembe ya jino la mbele, hapana. Ile ya kijivu yenye zebaki haikuhusu. Umoja wa Ulaya umeikataza tangu 1 Januari 2025, na dunia inaipunguza kufuatia Mkataba wa Minamata wa 2013, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Kama unayo mahali na haina ufa, si lazima ukimbilie kuing'oa.

Tuje kwenye gego, ambalo umelitaja mwisho lakini ndilo lenye haraka. "Halinisumbui" si habari njema wala mbaya. Jino lililotolewa mshipa haliwezi kukulalamikia. Wengi huamini jino la namna hiyo hukauka likawa kama kuni. Sehemu kubwa ya udhaifu wake haitoki huko. Inatoka kwenye sehemu ya jino iliyokwisha kuondolewa: uozo ulikula, mashine ikachonga, tundu la kufikia mizizi likapanuliwa, na kuta zilizobaki zimesimama kama kuta za nyumba isiyo na linta. Unapotafuna, chakula kigumu kinaingia katikati kama kabari kwenye gogo. Siku moja ukuta unapasuka. Mpasuko ukiishia juu ya ufizi una bahati, ukishuka mzizini jino linang'olewa. Kofia inazifunga kuta hizo pamoja. Daktari wako amekushauri vizuri.

Muulize jambo moja tu: juu ya ufizi, limebaki jino zima la urefu gani kuzunguka? Tunataka walau milimita 2 za jino lenyewe, si za dawa, ambazo kofia itazikumbatia. Umeona pete ya chuma kwenye mpini wa jembe, inayobana mti usipasuke? Ndiyo kazi hiyo. Pete ikibana dawa tupu badala ya mti, siku dawa itakapoachia itaondoka na kofia yake. Na ukisikia habari ya kuweka nguzo ndani ya mzizi, jua kwamba nguzo hailitii jino nguvu. Inashikilia kijazo tu, na kuichongea nafasi kunapunguza mzizi. Ikihitajika sawa, isipohitajika waache.

Kuhusu kauri za kutengenezea kofia: zirkonia ndiyo ngumu kuliko zote, inavumilia zaidi ya mara mbili ya nguvu inayoivunja kauri ya litiamu disiliketi. Ile ya pili inapendeza zaidi kwa sababu inapitisha mwanga, na inaweza kupigwa asidi ya haidrofloriki ikashikwa na resini kama enameli. Zirkonia asidi hiyo haiifanyi kitu. Inapulizwa chembe za mchanga laini na kupakwa gundi yake maalumu. Kwa gego la chini ambalo hakuna anayeliona, ningechukua zirkonia, au dhahabu kama haikukeri, kwa kuwa dhahabu ni pole kwa jino la juu linalokutana nayo na inakaa ukingoni vizuri sana. Kama kuta ni nene, kofia nusu inayofunika sehemu ya kutafunia pekee inaweza kutosha. Vyovyote utakavyochagua, kofia haiozi lakini jino chini ya ukingo wake linaoza, hivyo uzi wa kusafishia meno hapo ni wa kila siku.

Gego halingoji rangi, basi lianze wiki ya kwanza, pamoja na picha za eksirei na kusafisha ugaga. Fizi zinazotoka damu zinahitaji wiki moja mbili zitulie kabla hujagusa kijazo cha mbele. Katika safari hiyo hiyo pembe iliyodondoka ifunikwe kwa muda, kienyeji tu, ili dentini isikae wazi. Usikubali kijazo cha kudumu siku hiyo hata ukiombwa, kwa sababu rangi ya meno yako bado haijajulikana.

Hapo ndipo kung'arisha kunapoingia. Dawa inayofanya kazi ni peroksaidi ya haidrojeni, au karbamaidi peroksaidi inayoizalisha: karbamaidi ya asilimia 10 inatoa peroksaidi ya asilimia 3.5 hivi. Haisugui wala haichubui. Inapenya enameli na dentini na kuvunja molekuli zinazobeba rangi. Kwa maana hiyo hiyo haiwezi kung'arisha kompositi wala kauri. Wenye vijazo vya zamani mbele hujikuta meno yamekuwa meupe na kijazo kimebaki manjano, kama kiraka. Kwa hiyo ng'arisha kwanza, ziba baadaye.

Njia ninayoiamini ni ile ya polepole, iliyoelezwa na Haywood na Heymann mwaka 1989: daktari anachukua vipimo, anakutengenezea trei laini ya meno yako, unatia jeli ya karbamaidi ya asilimia 10 tone dogo kwa kila jino, unalala nayo. Wiki mbili mara nyingi zinatosha kwa umanjano wa kawaida. Ya kliniki kwa saa moja, yenye dawa kali na taa, inampendeza mwenye haraka, lakini sehemu ya weupe anaouona kwenye kioo siku hiyo ni jino lililokauka tu. Likinywa mate linarudi nyuma. Taa yenyewe haiongezi kikubwa. Kwa kulinganisha, Ulaya tangu 2012 haziruhusiwi dawa zinazozidi asilimia 6 ya peroksaidi, na zinazozidi asilimia 0.1 hazitolewi ila kupitia daktari wa meno, wala hazipewi wenye umri chini ya miaka 18.

Meno yatasisimka kwa baridi. Ni kawaida, na huisha. Ruka usiku mmoja, au tia ndani ya trei dawa ya meno yenye potasiamu naitreti kwa dakika kumi kabla ya jeli. Ufizi ukipata doa jeupe, jeli imezidi, futa, punguza. Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, ahirisha. Na tafadhali, limau liache jikoni: uchachu wake uko kwenye pH ya 2 hivi (namba ikishuka, uchachu unazidi), na enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5. Mkaa nao unasugua ganda, na ganda likipungua, dentini ya manjano ndiyo inayochungulia. Mtu anazidi kusugua, meno yanazidi kuwa manjano, anaongeza mkaa.

Jino la kijivu linahitaji njia yake. Kwanza eksirei ionyeshe kuwa mzizi ulizibwa vizuri na hakuna jipu kimya kwenye ncha. Kama lipo, litibiwe upya. Likiwa salama, linafunguliwa kwa nyuma, dawa ya zamani inapunguzwa mpaka chini kidogo ya usawa wa ufizi, kisha inawekwa kizuizi cha simenti, milimita 2. Kizuizi hicho usikubali kirukwe. Juu yake inatiwa sodiamu paborati, unga unaotoa peroksaidi polepole, iliyokorogwa kwa maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, jino linafungwa, unaondoka. Unarudi baada ya siku chache, inabadilishwa, mara mbili, tatu, nne. Tunasimama jino likiwa jeupe kidogo kuliko majirani, kwa sababu litarudi kiasi. Anayetaka kuipasha moto peroksaidi kali ndani ya jino, mkatalie. Njia hiyo ya zamani imehusishwa na mizizi kuliwa kutoka nje miaka baadaye.

Rangi ikifika unapopataka, acha kila kitu wiki mbili. Hapa nina kovu langu. Miaka ya mwanzo nilimziba mtu siku ya tano baada ya kung'arisha kwa sababu alikuwa na safari. Oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia resini isigande vizuri, nami nililijua hilo darasani, nikajipa moyo. Kijazo hakikufika mwezi. Na sikukosea hilo tu: nilichagua rangi baada ya jino kukaa wazi muda mrefu likakauka, na jino kavu huwa jeupe kuliko lilivyo. Alipolowesha midomo, kijazo kikaonekana kama chokaa. Tangu hapo rangi naichagua mgonjwa anapokaa tu kitini, jino likiwa na mate yake, na ninabandika kipande kidogo cha kompositi bila gundi, nakimulika, tunakitazama pamoja karibu na dirisha. Omba hivyo. Dakika tatu tu.

Hesabu ya siku inakubali: wiki mbili za gego na fizi, tatu au nne za trei huku jino la kijivu likibadilishiwa dawa yake, mbili za kungoja, kisha pembe. Utabaki na wiki kadhaa za akiba kabla ya kazi. Kama kipimo cha kioo kimeonyesha unasaga meno, kinga ya usiku itengenezwe baada ya kijazo, iwe ngumu, si ile laini ya kutafunika. Trei usizitupe, mwaka mmoja au miwili mbele, usiku mbili tatu za jeli zitarudisha weupe bila kuanza upya. Kijazo kipya nacho kitastahimili jeli hiyo.

Siku ya kijazo utaondoka umepigwa ganzi pengine, na mtu mwenye ganzi hang'ati kama kawaida yake. Ikiisha, uma meno, sukuma taya mbele, sikiliza. Ukihisi jino hilo linagusa la kwanza, hata kwa unywele, rudi kesho yake wala usingoje lizoee. Kupunguza hapo ni kazi ya dakika mbili, bila sindano, na sidhani kama mara hizo nne kuna aliyekuita urudi ukaguliwe.